Luger P08 ya zamani: isome kwanza, mafuta baadaye

Bastola yangu ya kwanza ya Luger niliiua mwenyewe, Jumamosi moja, kwenye meza ya jikoni, kwa msasa laini na kichupa cha dawa ya kupaka chuma weusi. Ilikuwa ya kiwanda cha DWM cha Berlin, ya mwaka 1917, namba zake zote zinalingana, ina madoa ya kutu ubavuni mwa mtutu na weusi umefifia kwenye kona. Jioni ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya ya harusi. Nikaipeleka kwenye maonyesho ya silaha za kale kifua mbele. Mzee mmoja muuzaji akaigeuza mara mbili chini ya taa, akaniuliza, "Nani kaifanya hivi?" Nikasema sijui. Bei aliyonitajia haikufika nusu ya niliyonunulia.

Naishi Marekani na riziki yangu ni mashine za kuchonga chuma, kwa hiyo nilijiona fundi. Ufundi ndio ulioniponza. Mambo ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu aniambie kabla ya ile Jumamosi. Nazungumzia P08, ile ambayo Wajerumani huiita "Null-acht", yaani sifuri-nane, na Wamarekani huiita Luger kwa jina la mbunifu wake, Georg Luger. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayotafutwa zaidi, ndiyo inayoghushiwa zaidi, na kila kipande chake kimeandikwa. Ukijua kuisoma hii, nyingine zitakuwa nyepesi.

Una haki ya kuishika?

Luger ya miaka mia moja si pambo mbele ya sheria. Ni silaha.

Juzijuzi mpwa wangu alinipigia kutoka Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mjomba, tumefungua sanduku la marehemu babu, tumekuta bastola ya Mjerumani. Nikutumie picha?"

"Umeishika?"

"Nimeifuta vumbi tu."

"Iache hapohapo ilipo. Funga chumba, watoto wasiingie, halafu nenda kituoni ukawaambie polisi waje kuichukua wenyewe. Usiibebe."

Alinuna, maana alishaanza kupiga hesabu ya bei. Lakini Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakuna kati ya hizo inayosema urithi wa babu ni kibali. Hata kuibeba mfukoni kuipeleka kituoni ni kosa linalosubiri kutokea.

Huku Marekani silaha iliyotimiza miaka 50 ikiwa katika hali yake ya asili huhesabiwa "curio or relic", yaani silaha ya kumbukumbu, na ipo leseni maalumu ya shirikisho kwa wakusanyaji. Majimbo nayo yana sheria zao, mengine makali, mengine legevu. Soma ya jimbo lako. Na hili wengi wetu hawalijui: kama upo kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki au bastola yoyote, ila kwa vighairi vichache. Muulize mwanasheria kabla ya kutoa pesa. Uingereza bastola zilipigwa marufuku kwa karibu kila raia mwaka 1997. Na tafadhali, usiifungashe kwenye pipa la mizigo ya nyumbani kati ya mablanketi na mafuta ya kupikia.

Hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena

Zilizoletwa na askari wa Marekani mwaka 1945 zimelala kwenye madroo miaka themanini, na nyingine zililala na risasi ndani. Toa magazini kwanza kwa kubonyeza kitufe kilicho kushoto, nyuma ya triga. Halafu shika vile vifundo viwili vya mviringo juu, vivute juu na nyuma. Utaona sehemu ya juu inakunjika kama goti. Ndiyo maana Wajerumani wenyewe huuita mfumo huu kiungo cha goti. Bila magazini goti halitabaki wazi lenyewe, kwa hiyo lishike kwa mkono mmoja, angalia chembani, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kwa tochi, kisha pitisha kidole kidogo uhakikishe.

Kwenye ndoano ya kutolea maganda kuna neno GELADEN, yaani imepakiwa; risasi ikiwa chembani ndoano huinuka na neno huonekana ubavuni. Upande wa kushoto, nyuma, ukishusha wenzo wa usalama utasoma GESICHERT, yaani imefungwa. Maneno mazuri, ila usiyaamini. Mafuta yaliyoganda kwa miongo minane hushikilia kila kitu mahali pasipo pake. Amini kidole chako.

Goti likikataa kufunguka, au risasi imekwama, kazi yako imeishia hapo. Usilipige nyundo wala usichokonoe na bisibisi. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Luger ina ubaya mmoja ambao bastola nyingi hazina: sehemu ya juu ikishatolewa kwenye fremu na risasi ikabaki chembani, kubonyeza kile kipande chembamba kilicho ubavuni kunatosha kuifyatua. Watu wametoboa meza hivyo.

Isome

Sasa kalamu, daftari, taa na lenzi ya kukuzia. Usiifute bado. Vumbi na mafuta makavu ni ushahidi.

Anza juu ya goti, kwenye kiungo cha mbele. Hapo ndipo mtengenezaji alipoweka jina lake. Herufi DWM zilizosokotana kama nakshi ya mlango wa Lamu ni kiwanda cha Berlin. Neno ERFURT chini ya taji ni kiwanda cha serikali ya kifalme, kilichozitengeneza kuanzia 1911 hadi 1918. Mauser walipochukua kazi hiyo mwaka 1930 huko Oberndorf, baadaye walificha jina lao kwa alama za siri: S/42 kuanzia 1934, kisha 42, na mwisho byf mwaka 1941 na 1942. Simson na Krieghoff wa Suhl nao walitengeneza, chache zaidi, na kwa sababu ni chache ndizo zinazoghushiwa kwa bidii. Ukiuziwa Krieghoff kwa bei ya DWM, jiulize muuzaji anajua nini ambacho wewe hujui.

Shuka nyuma kidogo ya mtutu, juu ya chemba. Hapo pana mwaka. 1910 hadi 1918 husomeka wazi. Zile za mwanzo kabisa hazina mwaka. Mauser walicheza tena mafumbo: herufi K badala ya 1934, G badala ya 1935, kisha wakarudi kwenye mwaka kamili, na za mwisho zina tarakimu mbili tu, 41 au 42. Ukikuta miaka miwili, kwa mfano 1917 na 1920, usidhani ni ghushi. Baada ya vita ya kwanza jeshi dogo la Ujerumani lilizikagua upya silaha za zamani na kuzigonga 1920 kama alama ya mali ya serikali.

Pima mtutu kwa rula. Milimita 100 ni ya jeshi la nchi kavu. 150 ni ya wanamaji, na lengeo lake la nyuma liko kwenye goti, lina nafasi mbili, mita 100 na mita 200. 200 ni ya wapiga mizinga, yenye lengeo lililopanda juu ya mtutu na kuandikwa hadi mita 800, jambo ambalo aliyeliandika sijui alikuwa anamlenga nani. Urefu usiolingana na aina yake maana yake mtutu umebadilishwa au umekatwa.

Hapa ndipo hadithi za wauzaji huanguka, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu sisi watu wa pwani ndio tunaolengwa. Mara kwa mara naonyeshwa Luger "iliyotoka Afrika Mashariki, kwa askari wa von Lettow-Vorbeck", yule kamanda wa Wajerumani wa vita ya kwanza, na bei imepandishwa kwa sababu ya neno Afrika. Nikisoma mwaka naona 1917. Basi tuhesabu. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Marie, meli ya mwisho kuvunja kizuizi cha Waingereza na kuwaletea Wajerumani silaha, iliingia ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, Machi 1916. Novemba 1917 walijaribu kwa ndege kubwa ya gesi, L59, nayo ikageuzia njiani juu ya Sudan. Bastola iliyogongwa 1917 Berlin ingefikaje vitani Mahiwa, kule Lindi? Kwa ungo? Na kuna siku niliuziwa kwa hadithi hiyohiyo bastola ya byf, wakati Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Mwenye nayo hakuwa mwongo. Alisimuliwa na baba yake. Ila hadithi haigongwi muhuri kwenye chuma, mwaka hugongwa.

Kama ipo karatasi ya jeshi la Marekani iliyomruhusu askari kuja na silaha aliyoiteka, yenye namba ileile ya bastola, hiyo ni mali. Itunze mbali na mafuta.

Namba

Namba kamili iko ubavuni kushoto mwa sehemu ya juu, mbele kwenye fremu, na chini ya mtutu. Chini yake utaona herufi ndogo ya mwandiko: a, b, c na kuendelea. Enzi za vita ya kwanza walihesabu hadi 10,000, wakaanza upya na herufi a, na mwaka uliofuata wakaanza upya kabisa. Kwa hiyo 4512 peke yake haina maana. Kuna 4512, kuna 4512 a, kuna 4512 m, na kila mwaka una zake. Andika namba, herufi na mwaka pamoja.

Tarakimu mbili za mwisho zimegongwa kwenye vipande vidogo: viungo vya goti, triga, bamba la pembeni, wenzo wa kufungulia, wenzo wa usalama, ndoano, na hata ndani ya vibao vya mpini. Tengeneza jedwali, kipande kimoja kwa mstari. Zikilingana zote una bastola nzima kama ilivyotoka kiwandani. Kipande kimoja kikiwa na namba ngeni, bei hushuka kwa kishindo, na hapo ndipo waghushi wanapopata ajira. Husaga namba ya zamani na kugonga mpya. Pitisha ukucha juu ya namba: ya asili mara nyingi ina kingo zilizoinuka kidogo, kwa kuwa chuma kikigongwa hujisukuma pembeni. Ikiwa imekaa kwenye kibonde laini, kuna mtu alisugua hapo. Linganisha pia umbo la 4 au la 7 na zilizo kwenye fremu. Kiwanda kilitumia seti moja ya mihuri. Mghushi hutumia aliyonunua dukani.

Magazini nayo ina namba chini. Za vita ya kwanza zina kitako cha mbao, za baadaye alumini. Bastola ilitolewa na magazini mbili, ya akiba ikawekewa alama ya kujumlisha. Ukikuta bastola na magazini zake zote mbili, nipigie simu kabla ya mtu mwingine.

Rangi ni yake au imepakwa?

Swali hili lina pesa nyingi kuliko yote. Hadi karibu mwaka 1937 weusi wa Luger ulitengenezwa kwa kuotesha kutu laini, kuichemsha igeuke nyeusi, kuisugua, na kurudia mara nyingi. Matokeo ni buluu nzito yenye kina, kama bahari ya Pemba saa kumi na moja jioni. Ndani ya fremu, chuma kiliachwa cheupe. Triga, wenzo wa usalama, kitufe cha magazini na vingine vidogo vilipashwa moto hadi vikapata rangi ya asali. Baadaye Mauser walihamia kwenye chumvi ya moto, kila kitu kikatumbukizwa, hata ndani kukawa kweusi, na ile rangi ya asali ikatoweka.

Kwa hiyo DWM ya 1916 yenye triga nyeusi na ndani nyeusi imetumbukizwa na mtu baadaye. Nyingi zilizotekwa na Warusi zilifanyiwa hivyo katika maghala yao, vipande vikachanganywa hata namba zisilingane, na huuzwa kwa bei ya kawaida. Si kosa kununua, ilimradi unajua unanunua nini. Dalili nyingine: vishimo vya kutu vilivyo vyeusi ndani kama sehemu nyingine, kona zilizoviringika, matundu ya skrubu yaliyolegea kingo kama bakuli, na maandishi yaliyofifia upande mmoja. Dawa ya kupaka kwa baridi, ile niliyotumia mimi, ina harufu yake kali ya chuma kichungu. Sugua kwa kidole hadi pate moto, nusa. Ukiisikia mara moja hutaisahau.

Usichanganye hayo na uchakavu wa haki. Weusi unaopotea mdomoni mwa mtutu na kwenye kona za bamba la pembeni umeliwa na kava ya ngozi kwa miaka. Unaopotea mbele ya mpini umeliwa na jasho la mkono. Uchakavu wa haki hufuata njia ya matumizi. Wa kutengenezwa huonekana mahali ambapo hakuna kinachogusa.

Kuifungua

Piga picha kila upande kwanza. Tandika taulo jeupe.

Magazini ikiwa nje na chemba imekaguliwa mara ya tatu, bonyeza mdomo wa mtutu kwenye ubao laini hadi sehemu ya juu irudi nyuma kidogo, karibu sentimita moja. Ukiwa umeishikilia hapo, zungusha wenzo mdogo ulio mbele ya triga, upande wa kushoto, kwenda chini. Bamba la pembeni litanyanyuka. Legeza, kisha sukuma sehemu yote ya juu mbele hadi itoke kwenye fremu. Kwa usafi wa mkusanyaji inatosha. Springi kuu iliyo ndani ya mpini iache. Ina nguvu na haina faida kwako.

Wakati wa kurudisha kuna kindoano kinachoning'inia nyuma ya goti ambacho lazima kiingie kwenye wenzo wa springi. Pindua bastola chini juu wakati unaiingiza, kitadondokea mahali pake chenyewe. Ukiona goti linalegea bila nguvu ya springi, kindoano kimekosa njia. Toa, rudia.

Vibao vya mpini ni vya mbao ya mjozi, kila kimoja kwa skrubu moja. Tumia bisibisi ambayo ulimi wake unajaza mfereji wote wa skrubu, si ile ya kufungulia redio. Cha kushoto ndicho cha machozi. Kona yake ya juu imekaa karibu na wenzo wa usalama, na mbao hapo ni nyembamba kama kucha. Luger nyingi sana nilizoziona zina pengo dogo hapo, la mtu aliyevuta. Legeza skrubu, weka wenzo wa usalama mahali usipokikwaza, kisha inua kibao kuanzia chini, polepole. Kikikataa acha, weka tone la mafuta mepesi pembezoni mwa chuma, rudi kesho.

Kutu

Sisi tumelelewa kusugua. Sufuria inasuguliwa kwa mchanga na majivu, shaba inang'arishwa kwa ndimu na chumvi. Hapa hivyo vyote ni sumu. Ndimu, siki, soda nyeusi ya chupa na kila kiondoa kutu chenye asidi hakitofautishi kutu nyekundu na ule weusi wa kiwandani, kwa sababu vyote ni oksidi ya chuma. Vitaondoka pamoja na utabaki na chuma cheupe.

Anza na mafuta na subira. Paka mafuta mepesi ya mashine au ya kulegeza skrubu, funga kwa kitambaa kilicholowa, acha siku tatu. Kisha kwangua doa moja dogo, chini ya mtutu mahali pasipoonekana, kwa kitu laini kuliko chuma: kipande cha mianzi kilichochongwa, au ukingo wa sarafu ya shaba. Shaba haikwaruzi chuma cha bastola lakini inang'oa upele wa kutu. Futa, paka tena, subiri tena. Sufi ya chuma iwe ile nyembamba kabisa ya namba 0000, iwe imelowa mafuta, na mkono uwe mwepesi kama unamfuta mtoto uso. Ile ya jikoni itachora mistari. Weusi ukianza kuonekana kwenye kitambaa chako badala ya hudhurungi, simama papo hapo.

Kutu ikiwa imeenea na ni hai, yaani nyekundu na inaacha unga kidoleni, kuna njia ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haiondoi kitu: kuchemsha. Kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji hugeuka kuwa oksidi nyeusi, ileile ya weusi wa kiwandani. Toa mbao na vipande vyote vyenye rangi ya asali. Osha mafuta yote kwa asetoni, dirisha likiwa wazi na moto wowote ukiwa mbali. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled water), si asidi ya betri, kwani ya bomba huacha madoa ya chokaa. Yachemke, tumbukiza kipande kikining'inia kwa waya, dakika ishirini hivi. Kitatoka na unga mweusi kama masizi ya koroboi. Kipanguse kwa brashi laini ya waya mwembamba, na chini yake utakuta weusi uliotulia. Rudia kama bado kuna wekundu. Kikiwa bado cha moto maji yatajikausha yenyewe; paka mafuta mara moja. Vishimo vitabaki, ndiyo historia yake. Na sufuria uliyotumia isirudi jikoni kamwe, maana kwenye chuma hicho kulikuwa na masalia ya risasi na baruti. Mke wangu aliniuliza ilikoenda sufuria ndefu ya samaki. Nilinunua nyingine.

Bastola yenye weusi wa asili kwa asilimia tisini usiichemshe. Ipake mafuta uiache.

Ndani ya mtutu mambo ni tofauti kidogo. Fataki za risasi za wakati ule ziliacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani hata chini ya mafuta. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Pitisha maji ya moto, kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, kisha brashi ya nailoni na dawa ya kusafishia mtutu, kisha mafuta kidogo. Fanya kuanzia upande wa chemba ili usiumize mdomo.

Mbao na ngozi

Mbao usizipige msasa. Ile miraba midogo iliyochongwa juu yake ikishasagwa hairudi, na uchafu uliojaza mifereji ni wa askari aliyeibeba. Mswaki laini mkavu, kisha kitambaa chenye unyevu mdogo sana, kisha nta kidogo ya makumbusho. Basi. Vile vibao vyeusi vya plastiki ngumu vilivyo kwenye baadhi ya byf za mwisho usivitie nta wala mafuta, futa vumbi tu. Wauzaji waliipa aina hiyo jina la mjane mweusi; ni jina la biashara, kiwanda hakikulijua.

Kava ya ngozi iliyokauka inakuomba mafuta. Iache iombe. Mafuta huipa weusi, huozesha nyuzi, na baada ya miaka miwili inakuwa tope. Ifute, ijaze karatasi isiyo na asidi ishike umbo lake. Na usihifadhi bastola ndani yake hata kwa wiki, kwani ngozi ina asidi na inanyonya unyevu. Nimefungua kava nikakuta umbo zima la bastola limechorwa kwa kutu.

Kuirusha risasi

Naulizwa kila mara. Jibu langu ni hapana kwa yenye namba zinazolingana. Ndoano ikivunjika umepoteza kipande chenye namba, na namba hiyo hainunuliki. Mwenye hamu atafute ya Kirusi iliyochanganywa, ampelekee fundi mwenye leseni aikague kwanza, na akae mbali na risasi za kisasa zenye nguvu ya ziada.

Kuihifadhi

Sefu iliyofungwa, funguo kwako peke yako. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo chake ni cha bei ndogo na pakiti za kunyonya unyevu zinapatikana kila mahali. Ishike kwa glavu, jasho la kidole huacha alama ya kutu ndani ya siku chache, na wengine tuna jasho kali kuliko wenzetu. Kila miezi mitatu itoe, angalia chini ya mtutu na nyuma ya vibao vya mpini, pangusa, rudisha.

Kwenye sanduku weka kadi. Andika namba, herufi, mwaka, jedwali la vipande, ulichofanya na tarehe yake: "mtutu umechemshwa mara mbili, mbao hazijaguswa." Yangu ya 1917 ilipouzwa tena miaka michache baadaye nilikutana nayo kwenye meza nyingine, bado inang'aa, na kadi ilisema weusi ni wa kiwandani. Nilimwita muuzaji pembeni nikamwambia nani aliifanya vile.